Makaa ya Mawe (2): Kiangazi cha Kilombero

Bonde la Kilombero lina matete, mafunjo na mafuriko ya kila masika. Mbona mimea hiyo yote haigeuki makaa ya mawe?

Jani likifia nchi kavu, bakteria na kuvu hulila kwa msaada wa oksijeni, na kaboni yake hurudi hewani. Likifia kwenye maji yaliyotuama, oksijeni huisha upesi, uozo hukwama katikati, na mabaki hujilimbikiza kuwa tope jeusi, pengine milimita moja tu kwa mwaka. Hatua hii ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, maana tope hilo halivumilii ukame.

Na Kilombero hukauka. Masika, sehemu kubwa ya tambarare kati ya Udzungwa na milima ya Mahenge hugeuka ziwa. Kiangazi maji hurudi mtoni, ardhi hupasuka, moto hupita mbugani, na kilichoanza kuhifadhika huteketea. Tena mito inayoteremka Udzungwa huja na mchanga na mfinyanzi. Kwa mkulima wa mpunga wa Ifakara hiyo ni rutuba. Ndani ya makaa ni hasara, kwani udongo hauungui, hubaki majivu. Kama ipo sehemu ya bonde ambako tope hilo linaweza kudumu, mimi ningeitafuta kwanza kwenye bwawa la Kibasira.

Sifa moja muhimu bonde hili linayo: linadidimia. Ardhi ilipasuka, sakafu ikashuka chini ya ukuta wa Udzungwa, na mashapo yanazidi kujazana. Tope la mimea lisipozikwa hivyo halipati joto wala mgandamizo. Likizikwa, maji na gesi hukamuliwa na kaboni huzidi: kwanza makaa ya kahawia, kisha meusi, mwisho anthrasaiti.

Kusini zaidi, bonde la Ruhuhu, masharti yote yalitimia zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. G. M. Stockley, aliyeandika juu ya makaa ya huko mwaka 1932, aliyapa matabaka namba. K1 lina kifusi kilichoachwa na barafu. Juu yake, K2, yamo makaa ya Mchuchuma. Naam, barafu! Nchi yetu wakati huo ilikuwa karibu zaidi na ncha ya kusini. Barafu ilipoyeyuka ilifuatiwa na vinamasi vya baridi, vikaota miti ya Glossopteris iliyopukutisha majani, na baridi ikachelewesha kuoza. Hata hivyo mito nayo iliingiza udongo wake, na makaa hayo ya K2 yanajulikana kwa majivu mengi. Gharama ya majivu hayo kiwandani tutaihesabu wiki ijayo.