Paje mwani unauzwa kwa kilo, hela iko kwenye sabuni

Wadau, duka langu la vipodozi lipo Mbezi Luis, sio mbali na stendi ya Magufuli, ila wateja wengi wananipata kwenye simu. Mwaka jana nilifunga siku tatu nikaenda Paje, Unguja. Nyumbani wakajua nimeenda kula bata. Kumbe nilikuwa nafuata sabuni ya mwani. Ile niliyokuwa nauza ilikuwa imeshapita mikono ya watu wanne, na mteja akaniuliza, "Huu ni mwani kweli au rangi ya kijani?" Nilikosa jibu, nikamrudishia hela yake.

Paje ni kijiji cha wavuvi, kusini mashariki mwa Unguja. Watu waliishi kwa ngalawa, pweza na nazi. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kikaanza hapo na Jambiani, na walioshika kazi wengi ni akina mama. Halafu hoteli zikaja. Wageni wengi wanafuata upepo, kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia Desemba, wanasimama kwenye ubao huku kishada kikubwa kinawavuta juu ya maji. Upepo ni ule ule uliosukuma ngalawa, ila sasa anayelipwa ni mwingine.

Maji yakitoka unaona yote kwa pamoja: mama kainama kwenye vigingi na kamba zake, mgeni anampita na ubao. Nilimwamkia mama mmoja, nikamsaidia kufunga. Mwani unakaa baharini kama wiki 6, unavunwa, unaanikwa, na kilo kadhaa mbichi zikikauka inabaki kilo moja. Mnunuzi anapima, mzigo unaenda nje, huko wanatoa kitu cha kugandisha kinachotiwa mpaka kwenye dawa ya meno. Sasa sikia hesabu: kilo nzima kavu haifiki bei ya kipande kimoja cha sabuni kwenye duka la watalii hapo hapo Paje. Na kipande kina mwani kidogo tu.

Nikajifanya mjuaji, nikamwuliza mbona hatengenezi sabuni mwenyewe. Akanijibu, "Mwanangu, sabuni yataka mafuta ya nazi, yataka kostiki, na yataka kusubiri ikauke. Mimi kesho nataka unga." Nikanyamaza. Mtaji wa kusubiri ndio hata mimi sina.

Waliojikusanya wanaweza. Pale kuna Seaweed Center, akina mama wanasaga mwani, wanatengeneza sabuni, na mgeni analipa kutembezwa shambani. Yaani hata kutazama tu kunauzwa!

Mimi nilinunua vipande 60 kwa kikundi kidogo cha akina mama, nikaomba ruhusa nikarekodi video wakikata sabuni. Ile video ndiyo iliyouza, kuliko picha zote nilizowahi kuposti. Anayeuliza kama ni mwani kweli namtumia, namaliza. Nilipokosea ni kufunga. Waliniambia nitumie karatasi, nikaona nailoni inang'aa zaidi. Kwa joto letu sabuni zikatoa jasho, 14 zikaharibika. Hasara hiyo ni yangu, sina wa kumlaumu.

Oda ya pili nimeweka Aprili. Masika wageni wanapungua, hoteli nyingine zinafunga, na vikundi vinakaa na mzigo. Rafiki yangu akasema huo ndio wakati wa kuwakaba bei. Nimeomba punguzo dogo tu na nimelipa nusu mapema, maana Julai mtalii akirudi atalipa mara mbili yangu, na mimi nitakuwa nasubiri mzigo huku Mbezi. Kama watanikumbuka au watamuuzia yeye, nitajua Julai.