Kaunsela wa Tena Ametoka Wapi, na Kwa Nini Hatakupa Ripoti

Sisi tulio ughaibuni tumezoea kutuma pesa nyumbani za karo, za hospitali, za matanga na za kodi. Siku hizi kuna ombi jingine. Mdogo wako anayeishi mtaa wa Tena jijini Nairobi, pale jirani na Umoja na Donholm, anaomba umlipie vikao vya ushauri nasaha. Unatuma kwa M-Pesa bila kusita. Baada ya wiki chache unampigia kaunsela kuuliza kijana anaendeleaje, naye anakujibu kwa upole kwamba habari za mteja wake hawezi kukueleza. Nimewasikia wengi wakikasirika hapo: yaani nalipa mimi, halafu nanyimwa habari za ndugu yangu wa damu?

Kaunsela huyo hajakuvunjia heshima. Amefanya kazi yake sawasawa, na ukijua taaluma hii ilivyokua Kenya utaona kwa nini.

Zamani mtu mwenye shida alikwenda kwa shangazi, mjomba, wazee au mchungaji. Wengi bado wanakwenda huko, na ni vizuri waendelee. Lakini tangu mwaka 1971 Wizara ya Elimu ilikuwa na kitengo cha ushauri shuleni, na mwaka 1979 kikaanzishwa Nairobi kituo cha Amani, ambacho kimewafundisha washauri wengi kazi. Kisha likaja bomu la ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Zaidi ya watu 200 walikufa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao machoni kwa vioo. Baada ya vidonda kufungwa, watu waliendelea kushtuka kila mlango ulipobamizwa. Wakenya wengi walisikia neno kaunseling kwa mara ya kwanza wakati huo, kwa sababu waathiriwa walikuwa wakipelekwa huko.

Ila mlango mkubwa zaidi ambao ushauri nasaha uliingilia ulikuwa Ukimwi. Serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na kuanzia 2001 vituo vya VCT, yaani vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari, vikaenea mijini na mashambani. Hakuna aliyepimwa bila kuketi kwanza na mshauri, na hakuna aliyepewa majibu bila kuketi naye tena. Hebu fikiria kazi hiyo: kumwambia mama wa watoto wanne kwamba ana virusi, wakati dawa za kupunguza makali zilikuwa bado ghali na adimu, kisha umwache aende nyumbani akiwa na uhakika kwamba jirani hatajua. Siri ikivuja, mwanamke yule angeweza kufukuzwa na mumewe, kupoteza chumba, kupoteza kibarua. Kwangu mimi, hapo ndipo usiri ulipokita mizizi katika ushauri nasaha wa Kenya. Ukimkuta kaunsela mwenye miaka hamsini hivi huko Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuna uwezekano mkubwa kwamba alijifunzia kazi katika chumba cha VCT. Wengine walianza wakiwa walimu, hasa baada ya viboko kupigwa marufuku shuleni mwaka 2001, au wakiwa wahudumu wa kanisa waliorudi darasani kusomea diploma.

Sheria ilichelewa. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka 2014, ikaunda bodi ya kuwasajili. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa una haki ya kuuliza: umesajiliwa na bodi? Ulisomea wapi? Nani anakusimamia? Swali la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika. Kaunsela mzuri naye ana mshauri mwenzake mwenye uzoefu anayemwendea mara kwa mara kupima kazi yake, maana mizigo ya watu humchosha hata anayelipwa kuisikiliza. Akikosa jibu hapo, tafuta mwingine.

Ndani ya kikao mambo hayafanani na baraza la wazee. Wengi wamefundishwa kwa misingi ya Carl Rogers, Mmarekani aliyeshikilia kwamba mtu akisikilizwa bila kuhukumiwa huanza kuona njia yake mwenyewe. Wengine huongeza mbinu za Aaron Beck: kijana aliyefutwa kazi anasema "mimi sina maana," na kaunsela anamsaidia kulichunguza wazo hilo kabla hajaliamini. Hamwamuru aache pombe, wala amrudie mke. Dawa pia haandiki. Akiona dalili zinazohitaji daktari wa akili, humwelekeza hospitali kama Mathari.

Usiri una mipaka, na mteja huelezwa mipaka hiyo tangu kikao cha kwanza: akiwa katika hatari ya kujiua au kumdhuru mwingine, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Kulipa ukiwa Dallas au Doha hakumo. Mteja ni yule aliyeketi kwenye kiti. Mdogo wako akijua kila neno linakufikia, atasema yale tu unayopenda kusikia, na pesa zako zitakuwa zimeliwa na upepo. Tena huenda mojawapo ya mizigo yake ni wewe: kusubiri pesa zako, kulinganishwa nawe kila Krismasi. Anahitaji mahali pa kulisema hilo.

Ukitaka habari, muulize mwenyewe, na akikujibu "niko sawa, tutaongea," mwamini na umpe muda. Anayeweza kumruhusu kaunsela azungumze nawe ni yeye peke yake.

Lakini akikuambia anataka kufa, usingoje kikao kijacho. Asiogope polisi pia: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Mtafute jirani au rafiki afike kwake sasa hivi na asimwache peke yake, kisha wapige 1199, simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Hailipishwi.