Kabla ya Kununua Lenzi Ndogo, Uliza Imepunguzwa Wapi

Kamera zisizo na kioo ziliingia sokoni na ahadi ya wepesi. Panasonic ilipotoa Lumix G1 mwaka 2008, ya kwanza ya aina hiyo kuwa na lenzi za kubadilisha, hoja ilikuwa kwamba kile kioo kinachopanda na kushuka ndani ya kamera kikiondolewa, mwili mzima unaweza kupungua. Ukapungua kweli. Lakini ingia leo kwenye ukumbi wowote wa harusi uwatazame wapigapicha: mwili mdogo umefungwa lenzi inayokaribia kilo, na mwenyewe kufika saa nne usiku anajikanda shingo. Wepesi wa kamera huamuliwa na lenzi.

Ndiyo maana praimu ndogo, yaani lenzi za kipimo kimoja zisizovuta wala kurudisha, zimerudi kupendwa. Lenzi ya namna hii ina vioo vichache, huweza kuruhusu mwanga mwingi kuliko zumu ya bei yake, na kamera ikiwa nayo huingia kwenye mkoba wa kawaida. Hata hivyo, udogo huo una gharama. Mhandisi aliyefanikiwa kuishusha lenzi hadi gramu 120 amepunguza kitu: mwanga, mota, mpira wa kuzuia vumbi, au kazi ya kunyoosha picha ambayo ameiachia programu ya kamera. Lenzi inayokufaa ni ile iliyopunguzwa mahali usipopahitaji.

Nafasi iliyoachwa na kioo

Katika kamera za Canon zenye kioo, lenzi hufungwa milimita 44 mbele ya sensa. Katika Nikon, milimita 46.5. Nafasi hiyo iliachwa ili kioo kipate pa kuchezea. Lenzi ya milimita 40 au 45 haikusumbuliwa nayo sana kwa sababu vipimo vinakaribiana, na kwa hiyo lenzi bapa za enzi hizo zilikuwa hapo hapo: Pentax ya milimita 40 iliyotoka mwaka 1976, kisha Canon EF 40mm f/2.8 ya mwaka 2012, yenye unene wa milimita 22.8 tu. Aliyetaka kuona kwa upana zaidi, tuseme kwa milimita 28, aliuziwa lenzi iliyoongezewa vioo vya kuisukuma taswira nyuma ili ivuke eneo la kioo. Hapo lenzi ikanenepa.

Sasa umbali huo ni milimita 20 kwa Canon RF, 18 kwa Sony na 16 kwa Nikon Z. Matunda yake ni lenzi kama Nikon Z 26mm f/2.8, yenye unene wa milimita 23.5 na uzito wa gramu 125, na Canon RF 28mm f/2.8 yenye gramu 120, zote za mwaka 2023. Lenzi za milimita 85 na kuendelea hazikupata nafuu hiyo kwa kuwa kioo hakikuwahi kuzibana. Basi ukiwinda udogo, winda kati ya milimita 20 na 50. Nje ya hapo utakuta chache, tena kwa masharti.

Mwanga ndio wenye uzito

Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 35 yenye f/2.8 inahitaji tundu la milimita 12.5, yenye f/1.4 inahitaji tundu la milimita 25. Upana umeongezeka mara mbili, eneo mara nne, na mwanga unaopita mara nne. Tundu likipanuka, vioo navyo hupanuka, na vingine huongezwa ili kurekebisha kasoro zinazojitokeza pembezoni mwa vioo vikubwa.

Tazama lenzi tatu za Sony za milimita 35 kwa kamera zenye sensa ya fremu kamili. Ya f/2.8 ina gramu 120, ya f/1.8 ina gramu 280, na ya f/1.4 ya daraja la GM ina gramu 524. Zote zinaona eneo lile lile. Kwa Canon tofauti ni kali zaidi: RF 50mm f/1.8 ina gramu 160, ilhali RF 50mm f/1.2 ina gramu 950. Bei nazo huachana kwa namna hiyo.

Je, mwanga huo wa ziada unauhitaji? Chukua ukumbi wenye taa hafifu. Kwa f/2.8 na kasi ya sehemu 1 ya 125 ya sekunde, tuseme kamera inadai ISO 6400. Ukiwa na f/2, kasi ile ile itakutosha kwa ISO 3200. Hiyo ni hatua moja, na kwa kamera za fremu kamili za miaka hii, tofauti ya chenga kati ya ISO hizo mbili haionekani kwa urahisi kwenye simu wala kwenye albamu ya kawaida. Kwa sensa ndogo chenga huanza mapema, hivyo hatua hiyo moja ina thamani kubwa zaidi.

Usidanganyike kwamba kitulizi cha mtikisiko kilicho ndani ya baadhi ya kamera kitaziba pengo. Hicho hutuliza mkono wako. Bibi harusi anayecheza hakimtulizi. Wala usidhani f/1.4 itakufaa kila dakika. Picha ya ukoo uliopangwa safu tatu itakulazimu ufunge tundu hadi f/5.6 au f/8, la sivyo safu moja itatoka imefifia. Kwa maoni yangu, anayefanya kazi ndani na usiku atafute f/1.8 au f/2. Anayepiga mchana, safarini na mitaani, f/2.8 inamtosha kabisa.

Yasiyoandikwa kwenye boksi

Mota ndiyo sehemu ya kwanza kubanwa. Baadhi ya praimu ndogo hufokasi kwa kusogeza kundi zima la vioo mbele na nyuma badala ya kusogeza kioo kimoja chepesi cha ndani. Panasonic 20mm f/1.7 ya mwaka 2009, lenzi yenye gramu 100 iliyowafanya wengi waupende mfumo wa Micro Four Thirds, inasifika kwa ukali wa picha na inajulikana vilevile kwa uvivu wa kufokasi. Sony FE 50mm f/1.8 ya mwaka 2016 ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini mota yake ni ya taratibu na ina kelele. Kwa picha za watu waliotulia utaishi nayo. Kwa video, maikrofoni ya kamera itainasa kila inapohangaika kutafuta uso.

Jambo la pili ni programu. Watengenezaji wa sasa hukubali mistari ipinde na pembe ziwe giza ndani ya lenzi, kisha kamera hunyoosha na kung'arisha kabla hujaiona picha. Canon RF 16mm f/2.8 ni mfano wa wazi: faili ghafi likifunguliwa bila marekebisho, mstari wa ukuta umevimba kama pipa. Hili si udanganyifu, maana matokeo ya mwisho mara nyingi ni mazuri na lenzi imebaki na gramu 165. Lakini kunyoosha huko huvuta pembe za picha na kuzipunguzia ukali. Mpigapicha wa majengo ataliona hilo. Wa nyuso za watu hatalijua kamwe.

La tatu ni kinga dhidi ya vumbi na maji. Fujifilm iliziwekea kinga hiyo lenzi zake tatu ndogo za f/2, yaani 23mm, 35mm na 50mm. Sony ilifanya hivyo kwa 24mm, 40mm na 50mm za daraja la G zilizotoka pamoja mwaka 2021, kila moja ikiwa chini ya gramu 175. Canon RF 50mm f/1.8 na RF 28mm f/2.8 hazina. Nikon Z 28mm f/2.8 na Z 40mm f/2 zimepunguzwa kwingine: sehemu ya kufungia kwenye kamera ni ya plastiki. Kwa anayepiga picha stoo ya vumbi, barabara ya kokoto au ndani ya mashua, kinga ni hoja ya kweli, mradi mwili wa kamera nao uwe nayo. Kwa anayepiga studio, ni pesa inayopotea bure.

La nne husahaulika: umbali wa karibu kabisa lenzi inaoweza kufokasi. Canon RF 50mm f/1.8 hukaribia hadi sentimita 30, Sony FE 50mm f/1.8 hukomea sentimita 45. Ukiwa unapiga pete, hina au sahani za mgahawa, sentimita 15 hizo ndizo zitakazoamua kama lenzi ni yako.

Chagua pembe kabla ya chapa

Namba ya milimita haina maana mpaka ujue ukubwa wa sensa. Fremu kamili ina milimita 36 kwa 24. Kwa sensa za APS-C za Sony, Nikon na Fujifilm, zidisha milimita za lenzi mara 1.5 ili ujue inaona kama lenzi gani ya fremu kamili. Kwa APS-C za Canon zidisha mara 1.6, kwa Micro Four Thirds mara 2. Wanaoanza huumia hapa. Mtu ananunua Canon R50, ambayo ni ya APS-C, anasikia kwamba milimita 50 ndiyo lenzi ya kila kazi, anaifunga, na sebuleni anajikuta anarudi nyuma hadi mgongo unagusa ukuta, kwa sababu kwenye kamera yake inaona kama lenzi ya milimita 80. Kwake, RF 28mm ndiyo inayokaribia ile hamsini aliyosikia ikisifiwa.

Fikiria pia simu yako. Kamera kuu ya simu nyingi inaona kama lenzi ya milimita 24 hadi 26 ya fremu kamili. Ukinunua lenzi yenye pembe hiyo hiyo, utapata ubora zaidi, lakini mtazamo wa picha zako hautabadilika sana. Kwa praimu ya kwanza napendelea kitu kati ya 35 na 50 kwa hesabu ya fremu kamili. 35 inafaa vichochoro vyembamba, ndani ya daladala na meza ya chakula, pale unapotaka mtu na mahali alipo. 50 inafaa mtu mwenyewe, kuanzia kiunoni kwenda juu. 40 imekaa katikati, na wengi wakishaizoea hawatafuti nyingine.

Jaribio la bure lipo. Fungua picha zako za mwaka huu kwenye kompyuta na utazame milimita zilizoandikwa kwenye taarifa za kila faili. Kisha iweke lenzi iliyokuja na kamera kwenye namba inayojirudia zaidi, usiiguse, na ufanye kazi nayo wiki nzima. Kama namba hiyo haikukukera, hiyo ndiyo praimu yako.

Mtumba, adapta na ukungu

Lenzi za zamani huweza kufungwa kwenye kamera mpya kwa adapta, lakini adapta hurudisha nafasi ile ile ya kioo iliyoondolewa. Ile Canon EF 40mm yenye unene wa milimita 22.8 ikiwekwa kwenye kamera ya RF huongezewa pete ya milimita 24, na unene unazidi mara mbili. Kama tayari unayo, itumie. Kama unanunua kwa ajili ya udogo, nunua ya maunti yako, yaani inayoingia moja kwa moja kwenye kifungio cha lenzi cha kamera yako.

Maunti pia ndiyo inayoamua upana wa soko lako. Sony ilifungulia watengenezaji wengine taarifa za msingi za maunti yake ya E mwaka 2011, na ndiyo maana leo ina lenzi ndogo kutoka kwa Sigma, Samyang, Viltrox na wengine. Samyang 35mm f/2.8 ina gramu 86 tu. Kwa Canon RF, lenzi za Sigma na Tamron zilianza kuruhusiwa mwaka 2024, nazo zilianzia upande wa APS-C.

Ukinunua iliyotumika, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku ukitazama mbele. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni ukungu, na katika miji ya pwani, ambako hewa ni nzito kwa unyevu, ukungu ni adui wa kudumu. Usinunue lenzi hiyo hata kwa bei ya kutupa. Isiyo na ukungu ifunge kwenye kamera, fokasi karibu na mbali mara nyingi, usikilize mota. Ukishainunua, ihifadhi kwenye boksi lisilopitisha hewa lenye vipakiti vya kufyonza unyevu, na si ndani ya mkoba wa ngozi kabatini.

Kwa ufupi, mwenye fremu kamili ya Canon aanze na RF 50mm f/1.8 ikiwa hela ni ndogo. Wa Nikon achukue Z 40mm f/2. Wa Sony mwenye uwezo achukue 40mm f/2.5 G; wa Fujifilm 35mm f/2 au 23mm f/2. Mwenye Micro Four Thirds atafute 25mm ya f/1.7 au f/1.8. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofika gramu 200. Nenda dukani na kamera yako, ifunge lenzi, ivae shingoni, kisha muulize muuzaji swali moja: hii imepunguzwa wapi? Akishindwa kujibu, sasa unaweza kumweleza wewe.