Kinyongo na Maradhi ya Moyo

Mtu mwenye nguvu zake akigombana na mwenziwe mchana, kisha jioni akashika kifua, akaanguka na kufariki dunia, katika vijiji vingi vya Afrika swali la kwanza huwa: ni nani aliyemroga? Kutokana na swali hilo wazee wasio na hatia wamefukuzwa makwao, wamechomewa nyumba, na wengine wameuawa. Hali baina ya hasira na moyo ipo njia inayoeleweka, wala haipiti kwa mchawi.

Tutazame Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, katika jimbo la Luapula nchini Zambia. Usiku wavuvi huwasha taa na kuvua chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa. Kukicha, wachuuzi hukutana nao na bei hubishaniwa. Tena kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Lakini mwenye kudai fedha za nyavu hafungi daftari lake. Mahali kama hapo sababu za kugombana hazikosekani. Je, mvuvi mwenye haraka na sauti kubwa ndiye atakayepatwa na maradhi ya moyo?

Mwaka 1959 madaktari wawili wa San Francisco, Marekani, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walidai jambo linalokaribiana na hilo. Walisema kwamba watu wenye pupa, mashindano na hasira za haraka, waliowaita watu wa aina A, huugua moyo zaidi. Uchunguzi wao wa wanaume 3,154 wa California, uliotangazwa mwaka 1975, ulionyesha kwamba watu hao waliugua takriban maradufu ya wenzao. Uchunguzi uliofuata haukuthibitisha dai hilo lote. Haraka na bidii ya kazi ziliondolewa lawama. Kilichobaki ni uhasama, yaani tabia ya kumdhania kila mtu mabaya, kuweka kinyongo na kuwa tayari kwa ugomvi daima.

Mwaka 2009 wataalamu wa London walikusanya matokeo ya chunguzi nyingi. Waliona kwamba miongoni mwa watu wazima wa afya, hasira na uhasama viliambatana na ongezeko la asilimia 19 la maradhi ya moyo. Na miongoni mwa waliokwisha kuugua moyo, hali yao ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 24.

Mambo huenda hivi. Mtu anapokasirika mwili hutoa homoni za kumwandaa kupigana: moyo hudunda kwa kasi, shinikizo la damu hupanda, na damu huwa nyepesi kuganda. Hasira ikipita, mwili hutulia. Mwenye kinyongo haachi kujiandaa kwa vita, na mishipa yake ndiyo ilipayo gharama. Aidha, mtu wa namna hiyo aghalabu huvuta sigara na kunywa pombe kupita kiasi, na hana rafiki wa kumhimiza aende hospitali.

Hata hivyo, tusivuke mpaka. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 52, zikiwamo za Afrika, na kutangazwa mwaka 2004, ulitaja msongo wa maisha kuwa mojawapo ya mambo tisa yanayoleta mshtuko wa moyo. Miongoni mwa hayo tisa yamo tumbaku, lehemu katika damu, shinikizo la damu na kisukari. Wenye kampuni za tumbaku walipenda sana habari za watu wa aina A, na waligharimia baadhi ya utafiti huo, maana ilikuwa faida kwao lawama iiendee tabia ya mvutaji na kuiacha sigara. Kumwambia mgonjwa kwamba amejiua kwa hasira zake, bila kumpima shinikizo la damu, ni dhuluma nyingine.

Watu wa Luapula, kama walivyo Watanzania, wanao utani baina ya koo. Mtani humwambia mwenziwe maneno makali, hata msibani, na wote wawili huondoka wakicheka. Hatusemi kwamba utani ni dawa ya moyo. Lakini wazee walijua kwamba ugomvi uliosemwa na kumalizwa ni mwepesi kuliko uliofichwa kifuani.

Hivyo basi, iwe Nchelenge au Kigoma, wajibu wetu ni mmoja. Tupime shinikizo la damu, tuache tumbaku, na tusuluhishe magomvi kabla hayajaota mizizi. Anayeshikwa na maumivu ya kifua apelekwe hospitali mara moja. Akifariki, tumzike kwa heshima, wala tusimtafutie jirani wa kuchomewa nyumba.