Mvunjiko Karibu na Bega: Ni Nani Anayehitaji Chuma?

Mtu akivunjika mkono karibu na bega, jamaa zake huuliza kwanza: je, atawekewa chuma? Huku Igurwa, na kwingineko Karagwe na Kyerwa, swali hilo ni la fedha pia, kwani safari ya kumfuata bingwa wa mifupa Mwanza yaweza kuilazimu familia kuuza mbuzi, au kahawa ingali mtini kwa bei ya butura. Yafaa basi ijulikane mapema kwamba walio wengi kati ya waliovunjika mahali hapo hawahitaji upasuaji.

Mwaka 1970 daktari Mmarekani, Charles Neer, alitoa kipimo kinachotumika hata leo: kipande cha mfupa huhesabiwa kuwa kimehama kikiachana na mwenzake kwa zaidi ya sentimita 1, au kikipinda kwa zaidi ya nyuzi 45. Visipohama, mkono huning'inizwa kwa kitambaa shingoni, basi. Hata vikihama, uamuzi si mwepesi. Utafiti wa Uingereza uitwao PROFHER, uliochapishwa mwaka 2015, uliwafuatilia wagonjwa 250 kwa miaka 2. Waliopasuliwa hawakuutumia mkono vizuri kuliko wasiopasuliwa. Lakini wastani wa umri wao ulikuwa miaka 66, na utafiti haukuwahusisha wenye bega lililoteguka papo hapo wala wenye jeraha lililofika mfupani. Hao, pamoja na kijana aliyeanguka na pikipiki na vipande vyake vikaachana mno, wapewe rufaa bila kukawia. Wiki 3 zikipita, mfupa huwa umeanza kuunga upande na kazi ya mpasuaji huwa ngumu.

Kabla ya rufaa, mhudumu apige eksirei kutoka pande mbili, apapase mapigo ya damu kifundoni mwa mkono, na aguse ngozi ya nje ya bega. Ikiwa imekufa ganzi, neva inayouzunguka mfupa huenda imeumia. Jambo hilo liandikwe kwenye barua, lisije likadhaniwa baadaye kuwa limeletwa na kisu. Kukanda bega na kulifunga vijiti kwa nguvu huongeza madhara.

Katika upasuaji, bamba la chuma hulazwa upande wa nje wa mfupa, na skurubu zake hujifunga ndani ya bamba lenyewe, hivyo hushika hata mfupa uliolegea kwa uzee. Hatari zipo: usaha, skurubu kutoboa hadi kwenye kiungo, au kichwa cha mfupa kufa kwa kukosa damu.

Chuma peke yake hakirudishi mkono. Vidole na kiwiko vichezeshwe tangu siku ya kwanza. Kisha, daktari akiruhusu, mgonjwa ainame na kuuacha mkono ubembee taratibu. Ndoo ya maji na mkungu wa ndizi visubiri miezi 3 hivi, hata kama maumivu yamekwisha. Bamba kwa kawaida huachwa mwilini. Hutolewa likisumbua tu.