Damu Igandayo Miguuni na Dawa Zake

Mama amejifungua salama, au mtu amepasuliwa hospitalini akarudi nyumbani kwake, au mzee amelala kitandani majuma mengi kwa ugonjwa. Kisha mguu wake mmoja wavimba. Shavu la mguu lauma na kuwa na moto, hali mguu wa pili ni mzima. Katika vijiji vya pwani ya Ziwa Victoria wako watakaosema ni baridi, na wako watakaosema ni chira au amerogwa. Basi mguu hukandwa kwa mafuta, na watu hungoja. Pengine uvimbe huondoka wenyewe. Lakini pengine mgonjwa huinuka siku moja, pumzi zikamkatika, akafa kabla ya kufikishwa Kisumu kwa daktari.

Yafaa ijulikane kwamba ugonjwa huu una jina, una sababu, na una dawa.

DAMU HUGANDA KWA NINI

Kuganda kwa damu ni jambo jema. Mvuvi akikatwa na kisu alipokuwa akipasua mbuta, damu hutoka kitambo kidogo kisha huganda, na jeraha huzibika. Damu isiyoganda ingemwagika yote. Hatari ni damu kuganda mahali isipotakiwa, yaani ndani ya mshipa wenyewe.

Mishipa ya damu ni ya namna mbili. Kuna ile ipelekayo damu kutoka moyoni, na kuna ile irudishayo damu moyoni, iitwayo vena. Damu ya miguuni hupanda juu polepole ikisukumwa na misuli ya miguu wakati mtu atembeapo. Asipotembea, damu hutulia kama maji ya kidimbwi. Daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, ndiye aliyeonyesha katikati ya karne ya 19 ya kuwa donge la damu lililofanyika mguuni laweza kukatika, likachukuliwa na damu hata moyoni, na kutoka hapo likaziba mshipa wa pafu. Ndiyo maana ugonjwa huanza mguuni, na kifo hutoka kifuani.

Mambo matatu huleta donge: damu kwenda polepole, mshipa kuumizwa, na damu yenyewe kugeuka ikawa nyepesi kuganda. Mwanamke mwenye mimba huwa na hatari kubwa kuliko wanawake wengine, nayo huzidi katika majuma sita baada ya kujifungua, hasa kama alipasuliwa. Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, saratani na ugonjwa wa selimundu huongeza hatari pia. Na selimundu ni ugonjwa ujulikanao sana katika nyumba nyingi za kando ya ziwa. Hata safari ndefu ina sehemu yake. Uchunguzi ulioelezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba kukaa kitini muda wa saa nne au zaidi huongeza hatari kama mara mbili, ingawa kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo. Asafiriye kwa basi la usiku kutoka Kisumu hata Mombasa afanya vema kunyosha na kukunja miguu yake, na kushuka atembee kidogo kila basi lisimamapo.

RAI YA ZAMANI

Kwa muda mrefu madaktari wengi waliamini ya kuwa Waafrika hawapatwi na ugonjwa huu ila kwa nadra. Mwaka wa 1960 ulitangazwa uchunguzi wa maiti waliopasuliwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, ukilinganishwa na wa mji wa St. Louis, Marekani; na madonge ya damu yalionekana machache sana Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu mwaka wa 1946, aliandika mwaka wa 1972 kwamba sababu ni chakula. Alisema watu walao nafaka zisizokobolewa, kama mtama na wimbi, huenda choo bila shida, na kwa hiyo mishipa yao ya miguu haipati kusongwa.

Huenda ugonjwa ulikuwa haba kweli siku zile. Lakini rai hiyo ilikuwa na madhara yake, kwa kuwa daktari asiyetazamia ugonjwa hautafuti. Tena donge lililo ndani ya mguu halionekani kwa macho. Tangu mashine za mawimbi ya sauti kuingia hospitalini, mshipa waweza kutazamwa bila kisu wala maumivu, na ugonjwa ambao zamani ulidhaniwa si wa Waafrika waonekana katika wodi za wazazi na za waliopasuliwa, Kenya kama kwingineko.

DAWA ZILIVYOPATIKANA

Dawa ya kwanza ilipatikana kwa bahati. Mwaka wa 1916 Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari mjini Baltimore, Marekani, alikuwa akitafuta kitu kigandishacho damu; badala yake akapata katika ini la mbwa kitu kizuiacho damu isigande. Mwalimu wake William Howell alikiita heparini, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya ini. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Toronto na Stockholm waliitakasa hata ikafaa kudungwa mtu.

Ya pili ilitoka kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na Marekani waliona ng'ombe wao wakivuja damu hata kufa baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mwaka wa 1933 mkulima mmoja alimletea Karl Link, wa chuo kikuu cha Wisconsin, ng'ombe aliyekufa na ndoo ya damu isiyoganda. Kwa kazi ya miaka mingi Link na wenzake waliigundua sumu iliyokuwamo. Mwaka wa 1948 dawa ya namna hiyo, wafarini, iliuzwa kwa kuulia panya. Na tangu mwaka wa 1954 iliruhusiwa kutumiwa na watu kwa kipimo kidogo.

Lakini je, dawa hizi huokoa? Mwaka wa 1960 madaktari Barritt na Jordan wa Bristol, Uingereza, walitoa jibu. Katika wagonjwa 19 wenye donge pafuni wasiopewa dawa, watano walikufa kwa donge hilo, na wengine watano wakapatwa tena wakapona. Katika 16 waliopewa dawa, hakuna aliyekufa kwa donge. Madaktari wakaona si haki kumnyima mtu dawa tena. Mwaka wa 1975 Vijay Kakkar wa London na wenzake walitangaza jaribio la wagonjwa 4,121 waliopasuliwa. Kati ya wasiodungwa heparini kidogo kabla na baada ya kupasuliwa, 16 walikufa kwa donge la pafuni. Kati ya waliodungwa, wawili tu. Hivyo ilijulikana kwamba ugonjwa huu waweza kuzuiwa kabla haujaanza.

KIPIMO NA MBOGA

Wafarini ni rahisi kwa bei, lakini yataka uangalizi. Ikizidi, mtu huvuja damu. Ikipungua, damu huganda. Kwa hiyo damu ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara. Huko Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ilianzishwa kliniki ambamo wafamasia ndio wawapimao wagonjwa na kuwarekebishia dawa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2011, nayo yalionyesha kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa magharibi ya Kenya kwa ubora unaolingana na kliniki za nchi tajiri.

Atumiaye wafarini na ajue mambo matatu. Kwanza, mboga za majani, kama sukuma wiki, mnavu na kunde, zina vitamini K, nayo hushindana na dawa. Haifai kuziacha, yafaa kuzila kwa kiasi kilekile kila juma, wala si kushiba leo na kukosa mwezi mzima. Pili, dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huipunguza nguvu wafarini. Basi daktari aambiwe dawa zote zinywewazo, za hospitali na za miti shamba. Tatu, wafarini yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, bali heparini haimfikii; mwanamke adhaniaye ana mimba aseme upesi.

Ziko pia dawa mpya, kama rivaroksabani, zisizohitaji kupimwa damu kila mara. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka wa 2019, lakini bei yake ni kubwa kwa wengi.

LA KUFANYA

Aliyejifungua au kupasuliwa na asimame na kutembea mapema, kama aruhusiwavyo na wauguzi, na jamaa zake wasimzuie kwa huruma. Akiona mguu mmoja umevimba na kuuma, asiukande wala asingoje. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na ikiwa kifua chamchoma ghafula, pumzi zinapungua au anakohoa damu, apelekwe mara moja hospitali kubwa iliyo karibu, hata ikiwa ni usiku. Dawa ziko, lakini hazimsaidii mgonjwa ambaye watu wake wangali wakibishana nyumbani ni nani aliyemroga.