Njia ya gari hadi ufukweni: tuilinde na ukuta, tuilinde na magurudumu

Mtu anayeshusha kayaki baharini anahitaji maji, mchanga wa kushukia, na njia ya kufikisha chombo hapo. Maji na mchanga pwani yetu inavyo tele, tangu Lamu hadi Mtwara. Njia ndiyo inayopungua. Kayaki ya plastiki ya mtu mmoja ina uzito wa kilo 20 hadi 30, na ya watu wawili mara nyingi hupita 35. Ongeza makasia, maboya ya kuvaa na maji ya kunywa, kisha jaribu kuubeba mzigo huo nusu kilomita juu ya mchanga mlaini chini ya jua la saa nne. Mvuvi mwenye injini ya boti, barafu na matenga ya samaki anaumia zaidi. Njia ya gari ikifungwa, diko hilo limekufa hata kama bahari ipo palepale.

Njia hizi huuawa na ukuta, au huuawa na magari yale yale yanayozitumia. Tukitibu ugonjwa mmoja tukauacha mwingine, njia haitapona.

Tuanze na ukuta. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inaitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Ni vifungu vyema, lakini vinahusu ufukwe wenyewe. Havichori njia ya kutoka barabara kuu hadi ufukweni. Viwanja vya mstari wa mbele vikishapimwa na kuzungushiwa kuta, mwananchi hubaki na ufukwe ulio wake kisheria asioweza kuufikia ila kwa kuzunguka mbali kwa miguu, tena maji yakiwa yamekupwa. Njia waliyopita mababu, isipoonekana kwenye ramani ya upimaji, ni rahisi sana kumezwa na kiwanja cha jirani.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kutunza njia hufanyika ofisini. Viongozi wa mtaa, kikundi cha usimamizi wa ufukwe (BMU), waendesha kayaki na wenye hoteli waombe kwa pamoja njia ipimwe, iwekewe mawe ya mipaka na iandikwe kuwa ya umma, kabla ugomvi haujazuka. Upana wa mita 6 unatosha: gari dogo lenye tela hupita, na waenda kwa miguu wakapata nafasi pembeni.

Sasa tuje kwenye mchanga. Mchanga mkavu ulio juu ya ufukwe una chembe zisizoshikana. Gurudumu huzisukuma kando na kuzama. Mchanga wenye unyevu kiasi una vijiutando vya maji vinavyozivuta chembe pamoja, ndiyo sababu nyumba za mchanga wanazojenga watoto husimama. Lakini mchanga uliojaa maji kabisa, ule unaong'aa wimbi linaporudi, hupoteza nguvu tena. Gari likisimama juu yake injini ikitetema, magurudumu huzama taratibu bila dereva kutambua. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa huko Mombasa hukaribia mita 4. Gari lililonasa chini ya ufukwe maji yakianza kujaa lina saa chache tu za kuokolewa.

Dereva anayelazimika kupita kwenye mchanga apunguze upepo wa matairi. Tairi linalotumia upepo wa psi 30 hadi 35 kwenye lami lishushwe hadi 15 au 20. Hapo hulala kidogo, sehemu inayogusa mchanga huongezeka, na uzito wa gari husambaa. Aende polepole bila kukata kona kali. Magurudumu yakianza kuzunguka bure, aondoe mguu kwenye mafuta mara moja, maana kuendelea kukanyaga ni kujichimbia shimo. Kabla ya kurudi lami ajaze upepo tena, kwa kuwa tairi laini likienda kasi hupata moto na kuweza kupasuka.

Hata hivyo, ufundi wa dereva haulindi ufukwe kama unavyolindwa na mahali anapotakiwa kusimama. Mwisho wa njia ya gari uwe juu ya alama ya maji ya bamvua. Kutoka hapo kayaki iteremshwe kwa kitoroli chenye magurudumu mapana. Juu ya ufukwe huota mlakasa, mtambaa wenye maua ya zambarau, pamoja na nyasi zinazoufunga mchanga usipeperuke. Magurudumu yakipita hapo mara kwa mara, mimea hufa na mchanga hulegea. Upepo huubeba, mvua huchimba mfereji. Dereva anayefuata huukwepa mfereji kwa kupita pembeni, na hivyo njia moja huzaa nyingine hadi ukingo wote wa mchanga ukabomoka.

Kasa nao hutaga katika ukanda huo huo. Kiota kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya 100, yanayokaa mchangani kiasi cha siku 50 hadi 60. Gari likipita juu hushindilia mchanga na kuwafungia makinda ndani. Waliofanikiwa kutoka hutumbukia kwenye mifereji ya matairi, wakatambaa ndani yake badala ya kuelekea majini, mpaka kaa na ndege wawapate.

Wengi wakiona njia imeharibika hukimbilia zege. Kwenye ufukwe wa mchanga hilo mara nyingi ni kosa la gharama. Mawimbi ya kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini na ya kaskazi huurudisha, kwa hiyo kimo cha ufukwe hubadilika kwa msimu. Zege lililomwagwa mchanga ukiwa juu hubaki likining'inia mchanga ukishuka, maji hupita chini yake, nalo huvunjika. Ukuta au sakafu inayojitokeza baharini huzuia pia mchanga kusafiri, na ufukwe wa upande wa pili hukosa chakula chake ukaliwa na bahari.

Kinachofaa ni kitu kinachoondoleka. Mbao zilizofungwa kwa kamba kama mkeka hutandikwa juu ya mchanga mkavu na kukunjwa bahari inapochafuka. Sehemu ya juu kabisa, mbali na mawimbi, inaweza kushindiliwa changarawe. Njia ikifika kwenye ukingo wa mchanga ipinde kidogo, isinyooke moja kwa moja kuelekea baharini, kwa sababu upenyo ulionyooka huwa mlango wa upepo na wa maji ya bamvua.

Mwisho ni utaratibu. Kinachoziba njia siku za Jumamosi ni magari yaliyoegeshwa ndani yake. Kanuni iwe moja na ibandikwe mahali pa kuonekana: shusha chombo, ondoa gari, egesha juu. Kwenye mwisho wa chini wa njia uwekwe mnyororo wenye kufuli, na ufunguo ukae kwa BMU ili gari la wagonjwa au la kubeba injini lifunguliwe bila kuchelewa. Mikeka ikaguliwe kila msimu unapobadilika, na viota vya kasa viwekewe alama.

Ewe msomaji unayeishi karibu na bahari, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri au kaunti yako ukaulize kama njia yenu ya kwenda ufukweni imo kwenye ramani. Kama haimo, ombeni ipimwe sasa. Njia iliyopimwa inatetewa kwa karatasi. Ambayo haijapimwa hutetewa mahakamani, kwa miaka na kwa fedha ambazo wavuvi na waendesha kayaki hawana.